Maneno Nyuma ya Picha

Kaka yangu alinipigia simu kutoka Tanga Alhamisi asubuhi: mama amefariki, wanamzika alasiri. Nikasema innalillahi, nikarudi mezani kumalizia bango la saluni moja ya mtaa wa Malvern, huku ugenini. Herufi zote zilitoka zimenyooka. Nilijikasirikia, lakini hasira yenyewe haikufika mbali.

Kazi yangu ni kuchora. Niliwahi kununua kitabu chakavu cha hekaya za Kijapani kwa machinga wa mjini, na tangu hapo sijapona. Wajapani wa kale walisimulia kwamba chombo kikidumu miaka mia hupata roho, nami nikaanza kuchora vyombo vya kwetu vyenye macho. Walikuwa pia na wasimulizi waliozunguka na kisanduku cha mbao, kilicho wazi kama dirisha. Watoto hutazama picha, msimulizi husoma maneno yaliyoandikwa migongoni mwa picha, kisha huchomoa picha ya mbele na kuirudisha nyuma ya zote. Seremala wa jengo letu hapa Joubert Park alinitengenezea kisanduku, akaanza kuniita Mama Japani.

Binti yangu wa miaka minane alikuwa hajui kitu. Kila nilipofungua mdomo nimwambie, niliishia kumuuliza kama amekula. Basi nikachora picha saba: kibao cha mbuzi cha bibi yake kinaota macho, kinamfuata jikoni akikuna nazi, na katika picha ya mwisho kimebaki peke yake. Hapo ndipo ningemwambia.

Jumamosi asubuhi nikamkalisha kitandani, mbele ya kisanduku. Picha ya kwanza ilikuwa bibi yake akicheka. Nikasoma yaliyokuwa mbele yangu, kwa sauti ninayosomea bili ya umeme:

"Bibi amefariki. Kibao chake kimebaki peke yake."

Mgongo unaomtazama msimulizi mwanzoni ni wa picha ya mwisho, kwa hiyo pale huandikwa maneno ya picha ya kwanza. Nililijua hilo miaka yote. Safari hii niliandika maneno ya kila picha nyuma ya picha hiyo hiyo.

"Eish, Mama, umeanza na mwisho," alisema kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Kisha akanitazama. "Ni bibi wa hadithi?"

"Ni bibi yako."

Nikashika ukingo wa picha niichomoe, niendelee, maana sikujua la kufanya. Akaweka mkono wake juu ya wangu.

"Usivute," alisema, kwa Kiswahili. "Bado anacheka."

Sikuvuta. Alilia mpaka kwikwi zikamshika, nami nikamwonea wivu.