Nilivyomwoza Bosi kwa Barua Pepe

Mpaka leo nikipita karibu na ile zahanati naharakisha huku nimeinamisha uso, maana wauguzi wote pale wanajua kwamba mimi ndiye niliyemwoza bosi wangu mke wa pili bila yeye mwenyewe kujua.

Kampuni yetu hapa Garissa inatunza kompyuta za wateja: zahanati, wauza mifugo, shule mbili. Tukiwa ofisini tunaweza kuingia kwenye mashine zao zote, kwa hiyo mwizi akipata nenosiri letu amepata kila mlango (kazi hii nimejifundisha mwenyewe kwa video, kwa hiyo nina hofu ya kuwatosha watu watatu). Basi nikaamua kuwapima wateja kwa barua pepe ya mtego: ukibonyeza kiungo, unafunguka ukurasa unaokwambia umenaswa. Nikaandika mwaliko wa nikaha ya bosi, Abshir, anayejulikana na wote, na jina la bibi harusi sikuliandika, ili watu wabonyeze kulitafuta. Bosi sikumwambia, nilitaka jaribio safi. Ule ukurasa wa onyo nao niliupamba kwa picha, nikarekebisha rangi asubuhi nzima, ukawa mzuri na mzito kiasi kwamba kwa intaneti yetu haukumfungukia hata mtu mmoja.

Kwa hiyo watu walibaki na mwaliko tu.

Wa kwanza kuja alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, na mbuzi. "Abshir, hongera, huyu ni wa karamu." Bosi akauliza karamu ya nini, na kabla hajajibiwa akaingia mke wake, Habiba, ambaye ni muuguzi kwenye zahanati ileile (nilimsahau kabisa, wallahi), bado amevaa sare.

"Sikuja kugombana," akasema. "Niambie jina lake tu."

"Jina la nani?"

"Nimebonyeza na kubonyeza, halifunguki."

Nikatoka nyuma ya printa, nikakiri mbele ya wote, mbuzi akiwemo. Bosi akanigeukia. "Nasra, zahanati wakituacha kwa ajili ya hili, na wewe unaondoka. Nenda ukawaeleze."

Nikaenda, nikasimama mbele ya wauguzi, nikawaonyesha jinsi kiungo kilivyowanasa, nikawaomba kabla ya kubonyeza wampigie mtumaji kwa namba wanayoijua. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

Siku chache baadaye ikaja barua ya wezi wa kweli, kwa jina la kampuni yetu, ikiwataka wateja waandike nenosiri ili ulinzi wao usikatike. Habiba hakugusa kitu. Alimpigia mumewe: "Hii ni yako, au umeoa tena?"

Haikuwa yake. Tukawapigia wateja wote, nikakagua mashine moja baada ya nyingine, na hakuna aliyekuwa amenaswa. Faili za wagonjwa zilikuwa salama, na mkuu wa zahanati akasema hawaendi popote. Nililia kwa furaha.

"Abaayo, dada yangu, kwanza ulitukasirisha, kisha ukatuchekesha," Habiba akaniambia, "ndiyo maana hatusahau."

Majaribio bado nafanya, na najivunia, maana wateja wangu hawanaswi ovyo. Lakini sasa kila ukurasa naufungua kwanza kwa simu dhaifu kuliko zote, bosi anakuwa wa kwanza kujua, na harusi za watu sizigusi tena. Hata yangu ikifika, nitaalika kwa mdomo.