Majumba Yaliyokuwa Nyuma ya Baba

Baba yangu, Okwera, alikuwa polisi wa getini. Watu wakisikia polisi hufikiria kufukuza wezi, lakini kazi yake ilikuwa kusimama. Harusi ya wakubwa katika kanisa kuu la Namirembe, jijini Kampala, alisimama. Idi kwenye msikiti mkuu wa Old Kampala, alisimama. Mimi nilimfuata kambi ya polisi ya Nsambya nikiwa bado mwanafunzi, Mama akabaki kwetu Kitgum, kaskazini, na shamba na wazee wa ukoo. Nilizoea kumwona Baba wima hata nikawa nashangaa kidogo kila nilipomkuta amekaa.

Alipostaafu alirudisha sare, akaja kulala kwangu Mengo akingoja safari ya kurudi nyumbani. Asubuhi ya siku ya basi nilimkuta ukingoni mwa kitanda, amevaa suti yake ya kahawia, chai imepoa.

"Laker," akasema, "mama yako ataniuliza Kampala iko namna gani. Mimi nitasema nini?"

"Sema unavyoijua, Baba."

"Mimi najua barabara tu."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akanieleza, kwa Kiswahili chake cha kambini, jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: mlinzi haitazami nyumba anayoilinda, anawatazama wanaokuja. "Nyumba iko nyuma, macho iko mbele," akasema. "Mgongo yangu ndiyo inajua Kampala." Kila likizo Mama alikuwa akimuuliza hayo majumba yenye sifa yakoje, naye alijibu kwamba atamweleza vizuri akimaliza kazi. Sasa kazi imekwisha, na Baba si mtu wa kudanganya, sembuse kumdanganya mke wake. Alitaka kuyaona kabla ya basi la jioni.

Nilikasirika, sitaficha. Mimi nauza mabeseni na ndoo Kikuubo, na siku hiyo nilikuwa napokea mzigo. Mtu anakaa Kampala mpaka anaota mvi, halafu anakumbuka kuitazama siku ya kuondoka. Lakini niliona jinsi alivyokuwa akiikunja kofia yake magotini, nikampigia simu jirani yangu wa sokoni anipokelee mzigo. Nikampa Baba masharti: nauli ya basi haiguswi, tutatembea, na tutaona vya bure tu.

Kutoka kwangu hadi Namirembe ni kupanda mlima. Ukungu ulikuwa bado umelala mabondeni, na kanisa lilikaa juu yake, jekundu la matofali, kana kwamba halijaamua kutua. Ndani hapakuwa na mtu ila mmoja aliyekuwa akifagia. Baba alichagua benchi la nyuma kabisa, akaketi, kisha taratibu akajigeuza upande mpaka akawa anautazama mlango.

"Siku ya kwaya," akaninong'oneza, "sauti ilikuwa inapita hapa, juu ya bega. Mimi nasema, huko ndani lazima iko maji mengi, kama ziwa."

"Basi geuka uangalie kama yapo."

"Ngoja kidogo."

Nikangoja. Mama mmoja akaingia, Baba akamtikisia kichwa kumruhusu apite, kana kwamba bado yuko kazini. Kisha akainuka, tukatoka. Nilipomuuliza ameona nini, alisema ameona mama mwenye mwavuli.

Tulifika Old Kampala jua likiwa limeshakuwa kali. Kupanda mnara wa msikiti ni kwa kiingilio, kwa hiyo tuliketi nje, kando ya uwanja. Nikagundua kwamba Baba aliujua mnara huo kwa kivuli chake. Alinionyesha kinavyotambaa kutwa nzima, na akaniambia jinsi alivyokuwa akikifuata kwa macho huku akijijengea kichwani mnara wa kukitosha. Mnara wake ulikuwa na madirisha ya mviringo na njiwa weupe kila dirisha, na mtu akifika juu kabisa aliiona Kitgum, na moshi wa jiko la Mama. Alisimulia polepole, kama mtu aliyeamshwa kabla ndoto haijaisha. Hasira yangu iliniacha hapo bila kuniaga. Mnara wa kweli ulikuwa nyuma yetu, na nikaogopa kumwambia ageuke auone hauna njiwa.

Wakati huo Nasur alikuwa akitoka kuswali. Ni Mnubi, polisi mstaafu kama Baba, na walisimama pamoja mageti mengi.

"Afande Okwera," akasema akimshika mkono, "bado unalinda? Kazi imekwisha, ndugu yangu. Geuka."

"Mwili inakataa."

"Mwili ama wewe?"

Baba akatazama viatu vyake. "Nasur, nimekaa na hizi nyumba kwa kichwa miaka yote. Nikigeuka nikute ni nyumba tu? Nitapelekea Lamunu nini?"

Lamunu ndiye mama yangu. Nasur hakumtania tena. Aliketi nasi kwa muda, kisha akasema twende Kikaaya, kwenye hekalu la Wabahai. "Kule ni bure, watu ya dini yote wanaingia. Mimi walinipanga pale siku moja. Nilishindwa kujua nisimame wapi."

Hatukumwelewa, lakini Baba akavutiwa. Tukaagana na Nasur, tukashuka hadi Nakivubo, tukanunua roleksi moja, chapati iliyoviringishwa na mayai, tukaikata nusu kwa nusu, na nikavunja sharti langu la kutembea kwa sababu Kikaaya ni mbali. Teksi ilituacha chini ya kilima. Kadiri tulivyopanda, kelele za mji zilibaki chini, mwisho nikawa nasikia suti ya Baba ikisuguana anapotembea. Kuba la kijani lilichomoza juu ya miti. Watu wachache walikuwa wamelala kwenye majani, vitabu vimewafunika nyuso.

Ndani hapasemwi neno. Baba akaketi, na kama kawaida yake akageuka autazame mlango tulioingilia. Mara akasita. Nyuma yake kulikuwa na mlango mwingine, akausikia kwa upepo shingoni. Akageuka kuutazama huo. Ubavuni ulikuwepo mwingine, na baada ya huo mwingine, maana jengo hilo lina pande tisa na kila upande una mlango wake. Baba akainuka. Alizunguka taratibu akitafuta mahali pa kuweka mgongo, na mahali hapo hapakuwepo. Mwanga wa vioo vya rangi ulimpita kifuani, ukawa kijani, ukawa wa njano, ukawa kijani tena. Alipoishiwa na milango alisimama katikati, na kwa kuwa hakubakiwa na pa kutazama, akatazama juu.

Sijui alikaa hivyo muda gani. Kofia ilimwanguka mkononi, asiiokote. Kuba lilikuwa tupu na refu na limejaa mwanga, na machozi yalikuwa yakimshuka hadi kwenye kola. Mimi nililia pia. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote nilizowahi kumpenda, na nilijua basi linamwacha.

Tulikuwa tumekaa kwenye majani nje simu yake ilipolia. Baba huweka kila simu kwa sauti kubwa, kwa hiyo nilisikia yote. Alikuwa Mama, akiuliza kwa Kiacholi kama ameshapanda basi.

"Bado," Baba akasema. "Nilikuwa naangalia majumba."

"Hatimaye. Yakoje?"

 Baba akanitazama nimsaidie. Mimi ninaweza kumuuzia mtu beseni lenye ufa akaondoka akinishukuru, lakini hapo nilishindwa. Nilitikisa kichwa.

"Lamunu," akasema, "siwezi kuyaeleza. Mimi sipandi basi leo. Nakutumia hiyo nauli kwa simu. Panda wewe."

Nilifikiria chumba changu kimoja na kitanda changu kimoja, na nikashangaa kuona sina la kupinga. Miaka yote hiyo Mama alikuwa akiambiwa angoje. Hakuna aliyewahi kumwambia njoo, na mimi nikiwemo.

 Kwenye simu nilisikia kuku, na mtu akikata kuni mbali.

"Mimi?" Mama akauliza.

"Wewe."

"Nije Kampala?"

"Kesho. Mimi na Laker tutakuja kukupokea. Tutakuleta hapa."

Baba akaitazama simu kuona kama imekatika. Kisha sauti ya Mama ikaja chini sana, ya msichana ambaye sikuwahi kumjua.

"Okwera," akasema, "nivae nini?"