Mkono Ndani ya Kizimba

Wenzake wa gesti walimwita Bi Funguo, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kiunoni alining'iniza pete ya funguo ishirini na mbili, na ukisikia mlio wake ukumbini ulijua kitanda chako kiko karibu kutandikwa, utake usitake. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mhudumu wa vyumba. Alitoa nywele za watu kwenye matundu ya bafu, akajua nani analia chooni na nani amekuja na mke asiye wake, na hayo yote hakumwambia mtu. Alikuwa na namna yake moja ya kuingia. Anagonga mara mbili kwa ufunguo, anasema "Usafi!", na kabla mwenye chumba hajapata kifungo cha shati, Bi Funguo yumo ndani na ndoo yake. Siku moja alimkuta mteja na taulo tu, na aliyeomba radhi ni mteja. Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye hakuona cha kuchekesha, maana chumba kinataka kufagiliwa na aibu za watu hazikuwa kwenye orodha ya kazi zake.

Ubaya ni kwamba alirudi nyumbani na tabia hiyohiyo.

Nyumbani aliishi na mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, katika vyumba viwili vinavyotazamana kwenye nyumba ya wapangaji wengi. Mama alipofariki mtoto alikuwa na miaka mitatu, naye Bi Funguo ndiye aliyembeba mgongoni, akamwogesha, akampeleka shule. Sasa yule mtoto alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na tisa mwenye kipara kinachoanza, lakini dada mtu alikuwa hajapata habari hiyo. Mdogo mtu alikuwa mlisha wanyama wa maabara katika chuo kimoja. Alikuwa mpole, maneno yake ya kuhesabu. Chuo kilipofunga kitengo kile, yeye alipewa kazi nyingine palepale na wanyama wengi wakapelekwa kwingine, wakabaki panya wawili ambao hakuna aliyewataka. Akawaleta nyumbani.

"Panya?" Bi Funguo alishika kiuno. "Watu wanaweka sumu, wewe unaweka bakuli?"

"Hawa hawajawahi kuona jalala, dada. Wamezaliwa kizimbani."

Mmoja alikuwa mkubwa, mwenye baka la kahawia mgongoni. Chuoni walimwita Bosi, kwa sababu alimng'ata kila aliyeingiza mkono bila kibali chake. Wa pili alikuwa mweupe na mnyonge, akimfuata Bosi kila pembe, naye wakamwita Karani. Mdogo mtu alieleza zaidi ya mara moja kwamba Bosi si mbaya. Akitoka nje ya kizimba hana neno na mtu, anapanda hata begani. Bali ukimwingizia mkono mle ndani umeingia chumbani kwake, naye hana pa kukimbilia, basi anapigana. Bi Funguo aliyasikia hayo kwa sikio moja yakatokea lingine.

Kila Jumamosi aliingia chumbani kwa mdogo wake kama anavyoingia chumba namba kumi na nne kule gesti. Alikunja nguo zake, akapanga karatasi zake, akahamisha viatu.

"Dada, gonga kwanza," mdogo wake alimwambia siku moja.

"Si nimegonga?"

"Basi subiri nijibu."

"Nisubiri nini? Mimi niliyekubeba mgongoni, una nini cha kunificha?"

Mdogo mtu akanyamaza. Kila aliponyamaza, Bi Funguo alidhani ameshinda. Hilo lilikuja kumuuma kuliko mengine mengi, kwamba kwa miaka na miaka alihesabu ukimya wa mdogo wake kuwa ni kukubali.

Jumamosi ya balaa ilifika mdogo wake akiwa kazini. Bi Funguo aliingia na ile dawa kali ya kusafishia vyoo vya gesti, akaazimia kukisugua kizimba mpaka king'ae. Bosi alisimamisha manyoya, akageuza ubavu, akaanza kupuliza pumzi kwa nguvu. "Unanitisha mimi?" Bi Funguo alimwambia, akaingiza mkono. Meno yalizama kidoleni hadi mfupani. Akauvuta mkono kwa ghafla, kizimba kikaanguka kutoka mezani, mlango ukafunguka. Bosi alijificha chini ya matambara yake. Karani alitoka mbio hadi ukumbini.

Sasa hapa pana jambo ambalo Bi Funguo hakumwambia mtu kwa muda mrefu. Karani hakwenda mbali. Alisimama kando ya ukuta, hatua nne tu kutoka mlangoni, akitetemeka, maana hakujua mahali pengine pa kwenda. Ilitosha kumfunika na ndoo tupu. Lakini kidole kilikuwa kinavuja damu, na hasira zilikuwa zimempanda kichwani, na ndani ya hasira zile kulikuwa na sauti iliyosema afadhali iishe leo. Akapaza sauti: "Panya! Jamani, panya!"

Jirani wa chumba cha tatu akatoka na ufagio. Jirani hana kosa. Mtu akisikia panya anatoka na ufagio, huo ndio ujirani mwema.

Mdogo wake aliporudi alimfunga Karani katika leso yake, akamzika nyuma ya ukuta wa uani. Akanawa mikono. Akauliza swali moja tu: "Nani alipiga kelele?"

"Jirani ndiye aliyempiga," Bi Funguo akajibu.

Halikuwa jibu la swali lile, na wote wawili walijua. Mwisho wa mwezi mdogo mtu alihamia chumba cha kupanga upande wa pili wa mji. Mwenye nyumba wa kule hakutaka wanyama, hivyo Bosi akabaki. "Nitamtafutia mtu," alisema akiwa amebeba begi lake. "Mpe chakula na maji. Mkono usiingize."

Alikuja mtu mmoja kumchukua Bosi, akang'atwa, akaondoka akilaani. Wa pili hakutokea.

Wiki ya kwanza Bi Funguo alimlisha kwa akili zake mwenyewe, akimsukumia vipande vya mkate katikati ya nyaya za kizimba, huku amesimama mbali kama anayewasha jiko linalovuja gesi. Bosi akajifunza upesi. Siku ya tano alirukia kila kilichosogea karibu na nyaya, hata pindo la gauni. Bi Funguo akamwandikia mdogo wake: "Mnyama wako kanitoa damu tena."

Jibu lilikuja jioni, neno lake la kwanza tangu ahame. "Usimlishe kupitia nyaya. Atadhani kila kinachopita hapo ni chakula, hata kidole."

Bi Funguo aliusoma ujumbe ule mara nyingi kuliko ulivyostahili. Mdogo wake alikuwa hajibu salamu. Hakujibu alipoulizwa kama amekula, wala kama godoro la kule ni zuri. Lakini habari za Bosi alijibu. Basi Bi Funguo akaweka nadhiri moyoni: Bosi akinizoea, nitampigia mdogo wangu, naye atarudi nyumbani. Hakuna aliyemwahidi hivyo. Alijiahidi mwenyewe, akaishika ahadi ile kama mtu aliyeshika kamba kisimani.

Akaanza kuuliza, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akasubiri kujibiwa. "Osha mikono, usiguse dawa kabla ya kwenda kwake." "Ukisafisha, acha sehemu ya matambara ya zamani. Ukifua yote unamfutia harufu yake, anadhani amehamishwa." "Weka kitambaa ulicholalia." "Mpeleke na kizimba chake kwenye sakafu ya bafu, fungua mlango wa kizimba, kaa chini. Usimtoe. Atoke mwenyewe."

Atoke mwenyewe! Hilo lilikuwa gumu kuliko kung'atwa. Bi Funguo hakuwahi kukaa sakafuni bila kitambaa cha kudekia mkononi. Alikaa na kijiko cha boga lililopondwa, magoti yakimlilia, mlango wa kizimba wazi, na Bosi akimtazama kutoka ndani bila kujitikisa. Nusu saa. Kesho yake nusu saa nyingine. Siku ya sita pua ilitokeza, ikanusa, ikarudi. Siku ya kumi na moja alitoka hadi miguu ya nyuma, akalamba kijiko, akarudi mbio kana kwamba ameiba. Bi Funguo akaona machozi yanamtoka, akajishangaa, mtu mzima analilia kijiko cha boga.

Kuna siku alikosea. Alichoka kusubiri, akanyoosha mkono kumgusa mgongo akiwa bado mlangoni, akang'atwa palepale penye kovu. Akaandika yaliyotokea bila kujitetea. Jibu likaja: "Umerudi nyuma wiki mbili. Si mwisho wa dunia. Anza tena." Na baada ya dakika chache ukaja ujumbe mwingine: "Panya mmoja ni mpweke, dada. Hawakuumbwa kuishi peke yao. Ongea naye."

Huo haukuwa na lawama ndani yake, na ndiyo maana ulimchoma. Nani aliyemfanya Bosi awe peke yake? Toka siku hiyo aliongea naye kila jioni, kwa sauti ya chini, habari za gesti: mteja aliyesahau meno ya bandia kwenye glasi, meneja anayejipulizia manukato mpaka mende wanahama. Siku moja aliongea habari za mtoto wa miaka mitatu aliyekataa kulala bila kushika sikio la dada yake. Hakumaliza ile hadithi.

Kazini wakamwona amebadilika. Anagonga mara mbili, kisha anasimama, amekumbatia mashuka.

"Bi Funguo, leo umeganda?" msimamizi alimuuliza. "Vyumba vitano havijaguswa. Unasubiri nini?"

"Hajajibu."

"Wewe? Wewe unasubiri kujibiwa?" Msimamizi akacheka, akawaita wenzake waje kuona maajabu. Bi Funguo akacheka nao kidogo, ila mlango hakuufungua.

Ilichukua miezi mitano. Jumapili moja mchana Bosi alitoka kizimbani bila kuitwa, akapita juu ya goti lake, akajikunja katika mapaja yake. Akaanza kusaga meno taratibu, na macho yake yakachezacheza kwenye matundu yake. Mdogo wake alikuwa amemweleza dalili hiyo zamani: panya akifanya hivyo ameridhika, hana hofu. Bi Funguo akachukua simu kwa mkono mmoja, pole pole, akapiga.

"Amelala mapajani mwangu," akanong'ona. "Anasaga meno. Na macho yanacheza."

"Kweli?" Mdogo wake akacheka, kicheko kile cha zamani, kifupi. "Bosi huyuhuyu? Hongera, dada. Hongera sana. Sikutegemea."

"Basi rudi nyumbani. Chumba chako kiko vilevile, sijagusa kitu. Hata vumbi sijafuta." Kabla hajajibiwa, maneno mengine yakapanda yenyewe. "Na siku ile aliyepiga kelele ni mimi. Karani alikuwa amesimama tu pale ukutani. Ningeweza kumfunika. Nilipiga kelele kwa hasira."

"Najua. Jirani aliniambia siku ileile."

"Ulijua? Miezi yote hii?"

"Nilikuwa nangoja uniambie wewe." Akavuta pumzi. "Ahsante kwa kuniambia."

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Nimeshakusamehe, dada. Hilo lisikutese. Lakini kurudi, sirudi. Huku nimepata usingizi. Naamka ninapotaka, vitu vyangu viko nilipoviweka. Sijui nikueleze vipi."

Alikuwa amemweleza miaka kumi, mara nyingi tu, na kwa maneno mepesi. Bi Funguo alilijua hilo sasa, na kulijua hakukumsaidia kitu.

"Basi nipe muda," akasema upesi, akiogopa simu isikatike. "Nielekeze kama ulivyonielekeza kwa Bosi. Niambie nianze na nini, nikae umbali gani. Nitafuata yote, nimeshajifunza. Umeona nimejifunza."

Kule upande wa pili palikuwa na ukimya mrefu. Bi Funguo hakudhani tena kwamba ukimya ni kushinda.

"Mimi si panya, dada," mdogo wake akasema.

Alisema bila ukali, kwa upole ule aliokuwa nao tangu utotoni. Kisha akasema ana maji motoni, akamwambia ampe Bosi kipande cha yai, akamtakia Jumapili njema, akakata.

Bi Funguo akaiweka simu sakafuni. Kilio kilimjia, kikubwa, cha kutikisa mabega, lakini alijizuia asitikisike, akalia bila sauti na bila kusogeza magoti, kwa kuwa Bosi alikuwa amelala.