Maikrowevu Niliyoirudisha Jikoni

Naikumbuka vizuri, mwanangu, siku maikrowevu yangu ilipotolewa jikoni ikatupwa uani juu ya lundo la makuti. Nakwambia haya kwa sababu juzi nimewasikia mashoga zako wakikuambia kwamba chakula cha maikrowevu ni chakula cha mke mvivu. Harusi yako bado, na tayari umeanza kuinamisha kichwa! Kiinue kichwa hicho. Nisikilize.

Nilikuwa mke mchanga hapa Mwabungo. Mume wangu, Salimu, alikuwa na duka la vitambaa Kona ya Musa, na kila alasiri alirudi kula. Katika nyumba ile, chakula cha mume kilifunikwa kwa kawa, na mke hakutoka mpaka mume aje, akipashe moto, amwandalie. Si kupika kulikonichosha. Kupika napenda, na wali wangu wa nazi waulize ukoo mzima. Kilichonichosha ni kukaa kulinda sahani. Nilikuwa nikijifunza kushona Ukunda, na darasa lilikuwa alasiri hiyo hiyo. Mwalimu alikuwa ameshaniambia wazi: nikikosa tena, cherehani yangu anapewa mwingine.

Basi Mzungu mmoja wa Diani alikuwa anahama, anauza vyombo vya nyumba. Nikaenda na fedha zangu za maandazi, na ndani ya buibui nimeficha sahani yetu ya kulia. Wacha wee, yule mama alivyonikodolea macho nilipoitoa! Lakini nilitaka kuona kama itaenea na kuzunguka bila kugonga. Maikrowevu zilikuwa mbili. Moja inang'aa, ina vitufe vya kugusa tu, lakini sahani ikakwama. Nyingine mbaya ya sura, ina swichi mbili za kuzungusha, na mlango wake unafunga barabara. Sahani ikazunguka kwa raha zake. Nikachukua hiyo mbaya. Yule mama akaniusia: chombo chochote cha chuma au chenye nakshi ya dhahabu kisiingie humo.

Salimu alipoiona alicheka, akasema, "Haya, tutaona." Shida ilikuwa kwa mavyaa, yaani mamake Salimu, maana nyumba ilikuwa yake. Nilimweleza habari ya dhahabu. Akanijibu kwamba hakuna wa kumfundisha yeye vyombo.

Siku ya pili nikampakulia Salimu wali na mchuzi wa samaki kwenye sahani nyeupe, nikaifunika, nikaiacha ndani ya mashine, nikaenda darasani. Salimu aliporudi, mavyaa alifungua ule mlango akaiona sahani nyeupe. "Ati mwanangu ale kwenye sahani ya watoto!" Akatoa kabatini sahani yangu ya harusi, yenye ukingo wa dhahabu, ambayo kwetu haitoki ila kwa mume na wageni wa heshima. Akahamishia wali humo, akairudisha ndani, akazungusha swichi. Pa! Pa! Cheche zikaruka, ukingo ukaungua ukawa mweusi, na mavyaa akatoka mbio akipiga yowe kwamba jikoni mna shetani.

Niliporudi nilikuta majirani wamejaa uani, mashine iko juu ya makuti, na mavyaa ameshika kiuno.

"Chagua," akaniambia. "Huko kushona kwako na hilo sanduku la mashetani, au nyumba hii."

Salimu alisimama kando, hajala, anatazama viatu vyake. Na Bi Mwanamisi, somo yangu aliyenifunda nilipoolewa, alikuwa ameshaitwa aje anikanye. Nilipomwona yeye, nguvu ziliniisha. Nikafungua mdomo niombe radhi.

"Nyamaza!" Bi Mwanamisi akanikatiza. Loo, alinikemea mbele ya watu wote. "Nilikufunda kumpenda mumeo na kumstahi. Lini nilikufunda kuomba radhi kwa kosa ambalo hukulifanya? Simama vizuri!"

Machozi yalinilengalenga, kisha hasira ikanipanda. Hasira nzuri, mwanangu. Nikaibeba mashine yangu, nikaipangusa kwa leso yangu, nikairudisha jikoni huku wote wananitazama.

"Mavyaa," nikasema, "shikamoo yako utaipata kila asubuhi, na kupika nitapika. Lakini kulinda sahani, basi. Na kesho naenda darasani."

Nikapakua wali mwingine kwenye sahani nyeupe, nikafunika, nikamwita Salimu. "Zungusha mwenyewe."

Salimu alimtazama mamake, akanitazama mimi, akazungusha. Ikavuma, ikalia kengele. Akala palepale jikoni, amesimama, akamaliza, akapangusa mdomo.

"Mama," akasema, "wali ni uleule."

Mavyaa alininunia siku nyingi. Nilimwamkia kila asubuhi kama nilivyoahidi, na kila alasiri nilikwenda zangu. Buibui la kwanza nililolishona mpaka mwisho nilimpa yeye. Alilivaa siku ya Idi bila kuniambia ahsante, nami nilifurahi tele.

Basi nasaha yangu ni hii. Ukienda kununua, beba sahani yako, na wakikucheka dukani wacha wacheke. Usinunue mng'ao. Hapa kwetu chumvi ya bahari inakula kila kitu na umeme unakuja na kuondoka, kwa hivyo mimi bado naziamini zile swichi za kuzungusha, na umeme ukikatika naichomoa. Usiisukume mpaka ukutani, iachie nafasi ipumue. Tumia sahani ya udongo au ya kioo, nyeupe tupu. Sufuria isiingie, wala kijiko, wala ile karatasi ya fedha wanayofungia kuku. Wali unyunyizie maji kidogo, ufunike, na katikati usimamishe uukoroge, maana kando huchemka na ndani pakabaki baridi. Yai na ganda lake usithubutu! Litakupasukia.

Na atakayekuambia kwamba mapenzi ni kukaa kulinda sahani, mwamkie kwa adabu, kisha nenda unakokwenda. Mpikie mumeo kwa moyo. Kupasha moto atapasha mwenyewe, mikono anayo.

Mwenyezi Mungu akujaalie nyumba yenye heri, riziki ya halali, na shingo isiyoinama kwa kosa lisilo lako. Haya, kachukue sahani yako twende Ukunda.