Kitumbua cha Njiani

Mwalimu wa darasa la awali aliniita siku moja nilipokwenda kumchukua mtoto, akanisogeza kwenye kivuli kidogo kilichobaki ukutani. Aliongea taratibu. Alijua nimefiwa.

"Mama, mtoto hana shida ya akili. Anahesabu mpaka ishirini bila kukosea. Lakini nikimwambia anipe vijiti vitano, ananipa sita. Tatu na mbili, anasema sita. Nne na tatu, nane. Kila jibu linapita kwa moja."

Nikasema labda anabahatisha.

"Anayebahatisha angekosea huku na huku. Huyu anakosea upande mmoja tu."

Akaniambia kwamba kabla shule hazijafungwa atawapima wote. Kama hali itakuwa hiyo hiyo, mtoto wetu atarudia awali, na wenzake wataingia darasa la kwanza.

Mtoto huyo ni wa mdogo wangu, aliyenifuata kwa mama. Mdogo wangu alifariki mwanzoni mwa mwaka ule baada ya kuugua kwa muda mfupi. Baada ya arobaini ndugu walikaa kikao kuamua nani atabaki na mtoto, na kikao hakikuchukua muda. Baba yake hatukuwa naye tangu zamani, na mimi sikujaaliwa kuzaa. Nilikuwa naishi Ukonga, nashona nguo kwenye baraza ya watu. Nikabeba cherehani yangu, nikahamia chumba cha marehemu kule Temeke, nikarithi vitu viwili: mtoto, na chuma cha kukaangia vitumbua.

Vilikuwepo vitu vingine vidogo vidogo. Kimoja kilikuwa sketi ya bluu ya shule, mpya, imekunjwa chini kabisa ya begi. Mama yake aliinunua mapema, kubwa, ya kukulia, kwa ajili ya darasa la kwanza. Mtoto aliijua ilipo. Siku nyingine nilimkuta amelifungua begi, ameigusa tu, akalifunga. Kwa hiyo mwalimu aliposema habari ya kurudia, mimi sikuwaza masomo. Niliwaza ile sketi itakaaje mwaka mwingine begini.

Mimi nimeishia darasa la saba. Hesabu ninazozijua ni za futi kamba: kifua, kiuno, urefu wa mkono. Sikuwahi kumfundisha mtu. Lakini nilimwambia mwalimu nitajaribu, na jioni ile nikaokota visoda, vile vifuniko vya chupa, kwenye grosari ya jirani, nikaviosha, nikavianika, nikatandika mkeka uani.

"Nipe vitano," nikamwambia mtoto.

Akasukuma sita.

"Hebu hesabu."

"Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita."

"Nilisema vingapi?"

"Vitano."

"Na hivi ni vingapi?"

"Sita," akajibu, bila aibu yoyote. Alinitazama kama vile mimi ndiye ninayechelewa kuelewa. Kisha akauliza, "Mama mkubwa, unataka vitano vya kuhesabu au vitano vya kumpa mtu?"

"Vitano ni vitano, mwanangu."

Akarudisha kimoja, lakini alikirudisha kama mtu aliyeamrishwa kufanya jambo la ubahili.

Tuliendelea hivyo kila alasiri nilipomaliza kushona. Nilijaribu visoda, nikajaribu maharage, nikajaribu vifungo vya mashati ya wateja. Nilijaribu hata chuma chenyewe cha vitumbua, chenye matundu saba. Nilimwonyesha: ukijaza manne na ukajaza matatu, chuma kimejaa, hakuna pa kumwaga unga mwingine. Hapo alikubali kwamba ni saba, kwa kuwa tundu la nane halikuwepo. Lakini tukirudi kwenye visoda, nikimwambia anipe vinne na vitatu, ananipa vinane. Nilianza kuona kosa ni langu, kwamba mtu wa darasa la saba hawezi kumtoa mtoto gizani. Nilisali, sisemi uongo, nikaomba kwa ajili ya hesabu za mtoto wa awali kama mtu anavyoombea mgonjwa.

Vitumbua nilivijua tangu kwetu. Kila alfajiri nilikaanga pale mlangoni kama alivyokuwa akikaanga marehemu, kwa sababu wateja walikuwa wake na jiko lilikuwa lake. Nikavikaanga kwa unga wa mchele na tui na hiliki, nikavigeuza kwa spoku ya baiskeli aliyoiacha, imeshakuwa nyeusi. Watu walikuja, wakaamkia au wakaamkiwa, wakanunua, wakaondoka. Niliwaona ni watu wema, wapole. Sikujua wamenificha jambo.

Aliyekuja mapema kuliko wote ni mke wa mwenye duka la pembeni. Ni familia yenye asili ya Kiarabu, wameendesha duka lile tangu barabara yetu ni vumbi tupu. Mama mtu mzima, mnene, mwenye maneno. Mtoto alimwita bibi, na yeye kwa utani wa bibi na mjukuu alimwita mke mwenzangu. Kila siku alinunua vitano, vya kunywea chai yeye na mumewe.

Jumamosi moja hakukuwa na shule, nikamwachia mtoto afungie wateja vitumbua, nikidhani ni mazoezi mazuri.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Nifungie vyangu vitano, na usininyime vya moto ukamwekea mume wetu."

Mtoto akachagua kwa makini. Akaweka vitano kwenye gazeti, akafunga, halafu akafungua tena, akatia cha sita. Nikanyoosha mkono nikakitoa.

"Vitano, mwanangu," nikamwambia. "Hebu angalia."

Mtoto hakuniangalia mimi. Alimwangalia bibi. Na yule mama akacheka mpaka mtandio ukamdondoka.

"Mwache! Huyu anaijua ada yangu."

"Ada gani?"

Akaacha kucheka. Akaniangalia vizuri, akaona kweli sijui.

"Marehemu alikuwaga anafunga vitano, halafu anafungua tena anatia kimoja. Nyongeza. Si mie peke yangu, mtaa wote huu. Hata anayenunua viwili."

"Mbona hamkuniambia? Miezi yote hii?"

"Tukuambie vipi, mwanangu? Umekuja na cherehani yako na macho mekundu, sie tuje kukudai nyongeza? Tulisema, mwacheni."

Nilikaa kwenye kigoda. Matundu yote saba yakaungua nyuma yangu na sikugeuka. Nilikuwa namwona mtoto akiwa wa kubebwa, kisha wa kukaa, kisha wa kusimama, kila alfajiri ya maisha yake pembeni ya lile jiko, akiutazama mkono wa mama yake ukifungua tena gazeti lililokwisha kufungwa. Kabla hajajua kusema moja alishajua kwamba kitu ukimpa mtu, kinazidi. Na mimi nilikuwa uani na visoda vyangu, jioni baada ya jioni, nikimwambia arudishe kimoja.

Yule mama akadhani nimeudhika. Nikamweleza yote, habari ya mwalimu, na kupimwa, na kurudia awali. Akaweka gazeti lake chini, akavuta ndoo akaigeuza, akakaa.

"Njoo hapa, mke mwenza. Mie nikinunua vitano kwa mama yako, nyumbani kwangu vilifika vingapi?"

"Sita."

"Sita! Nani kakwambia? Babu yako pale dukani siku zote anaona vitano."

Mtoto akakunja uso. "Na kimoja?"

"Nilikula njiani." Akajipiga tumbo. "Nikifika pale kwenye nguzo ya umeme kimeshakwisha. Hili tumbo unadhani limetoka wapi?"

Mtoto akacheka. Ulikuwa muda mrefu sijamsikia akicheka namna ile, kwa sauti, na pengo lake la mbele.

"Haya, nimenunua vingapi?"

"Vitano."

"Vimefika vingapi?"

"Vitano."

"Na kile kingine?"

"Cha njiani!"

"Cha njiani hakihesabiwi. Ukikihesabu tu, babu yako atakidai. Na ole wako umwambie."

Mtoto akaweka kidole mdomoni kwamba hatasema. Nikakichukua kile kitumbua nilichokitoa, nikamkabidhi yule mama mkononi. Nikasema asante. Akaondoka anatafuna. Tulisimama wawili mlangoni tukimtazama, na kweli, kwenye nguzo ya umeme alikuwa anakung'uta mikono.

Jioni hiyo tulitandika mkeka. "Nipe vitano," nikasema. Akasukuma vitano, akasubiri, akaniwekea kimoja kwenye kiganja na kunikunja vidole. "Hicho ule," akaniambia. Nikajifanya natafuna kisoda. Tulifanya hivyo siku zote zilizofuata. Tatu na mbili, vilivyofika nyumbani vitano. Nne na tatu, vilivyofika nyumbani saba. Na kila mara kisoda kimoja mdomoni mwangu, mpaka nikazoea ladha yake ya bati.

Na alfajiri nilirudisha nyongeza. Faida ilipungua, huo ndio ukweli, lakini nilizidisha kushona kidogo. Mteja mmoja alifungua gazeti lake, akaangalia, akalifunga, akaniambia, "Mungu amrehemu." Basi.

Lakini woga ulibaki. Siku za kupimwa zilipokaribia nilikuwa na mambo mawili moyoni na yalivutana. Nilitaka mtoto ajibu anavyotaka mwalimu. Na nilitaka asije akaelewa, kwa kusahihishwa sana, kwamba mama yake alikuwa anakosea. Nilijua shule ina haki yake. Darasani huwezi kutoa sita ukasema ni tano. Ila sikujua mtoto wa umri ule ataweza kuvibeba vyote viwili bila kimoja kumdondoka.

Siku yenyewe wazazi tuliruhusiwa kusimama mlangoni. Watoto walianza kuitwa mmoja mmoja. Alipoitwa wa kwetu, alimwamkia mwalimu vizuri, akasimama mbele ya meza yenye vijiti.

"Nipe vijiti vinne," mwalimu akasema.

Akahesabu vinne, akavilaza.

"Ongeza vitatu."

Akaongeza vitatu. Kisha nikauona mkono wake ukirudi kwenye fungu, ukachukua kijiti kingine. Nilishika fremu ya mlango. Nilitaka kuita, nikajizuia, nikaona kama nikiita nitamharibia zaidi. Mwalimu naye alikuwa ameona. Alishusha pumzi, akashika kalamu yake.

"Vyote kwa pamoja vingapi?"

"Saba."

Kalamu ikasimama. Mwalimu akahesabu vilivyokuwa mezani kwa macho. Vilikuwa saba.

"Na hicho ulichoshika?"

"Hiki hakihesabiwi, mwalimu," mtoto akasema, akamnyooshea. "Hiki chako, cha njiani."

Mwalimu akakipokea, akanitazama mlangoni. Nilidhani nitaeleza kwa ufupi, nikaeleza kwa urefu, mbele ya wazazi wenzangu, habari ya jiko na gazeti na mdogo wangu. Mwalimu alikuwa bado amekishika kile kijiti. Alimuuliza mtoto maswali mengine, tatu na mbili, tano na moja, sita na mbili, na yote akayapata. Hakukirudisha kwenye fungu. Alikitia kwenye mfuko wa gauni lake, akasema, "Aje na wenzake mwezi wa kwanza."

Nimewashukuru watu wengi kwa jambo lile. Nimemshukuru mwalimu, ambaye angeweza kuandika tu kwamba mtoto hajui, asiniite pembeni. Nimemshukuru mama wa dukani na tumbo lake. Mdogo wangu sikupata nafasi ya kumshukuru akiwa hai, kwa sababu nilikuwa Ukonga na maisha yangu, na nilipokuja kumtembelea nilikuja kama mgeni, mchana, jiko limeshapoa. Sikuwahi kumwona akifunga kitumbua. Ule mkono wake nimeuona kwa mtoto.

Shule zilipofunguliwa nilimvalisha ile sketi. Ilikuwa bado kubwa. Niliikunja kiunoni nikaipiga mshono wa kufumua baadaye, ili iendelee kukua naye. Wenzake wa uani walikuwa wanamngoja nje, wanamwita kwa kelele. Nikamfungia vitumbua viwili vya mapumziko, nikamkabidhi, nikamwambia twende, utachelewa.

Hakwenda. Alisimama pale pale na begi mgongoni, ameshika gazeti lake kwa mikono miwili, ananitazama.

Nikalichukua tena, nikalifungua, nikatia kimoja.

Ndipo akatoka mbio. Kwenye nguzo ya umeme alikuwa ameshakimaliza.