Usaili wa Saa ya Chakula

Katika ghala lile la vifurushi, ofisi ilikuwa na usaili wake na wafanyakazi walikuwa na wao. Ule wa ofisi haukumtisha mtu. Wa pili ulifanyika saa ya chakula, mgeni akikalishwa juu ya kreti na kuulizwa kama ana shahada ya kusimama kutwa. Kijana mmoja alijibu kwamba alisomea kulala, ila mtihani wa vitendo ulimshinda. Wakamkubali papo hapo.

Mwenyekiti alikuwa Mama Mizani, mpima uzito wa mizigo, mwanamke wa uso mkavu na ulimi mwepesi. Alikuwa na binti mmoja tu, na kila mtu pale alijua kuwa binti huyo yuko benki. Kweli benki iliwahi kumwita kwenye usaili. Mama akatangaza kwamba kazi imepatikana. Benki ikakaa kimya, lakini mama hakukaa kimya, na miaka miwili ikapita hivyo.

Mwishowe binti alichoka kukaa nyumbani, akaomba kazi ghalani bila kuuliza mtu, akapata.

"Tukishaingia getini, mimi sikujui," mama akamwambia.

"Sawa, mama."

Saa ya chakula ikafika, binti akakalishwa juu ya kreti. Mwenyekiti ghafla akashikwa na kikohozi, hivyo Mzee Selotepu, mfungaji wa maboksi, akauliza badala yake.

"Elimu?"

"Shahada ya uhasibu. Daraja la kwanza."

Watu wakavunjika mbavu. Mzee Selotepu akajifuta machozi kwa mkono wa ovaroli. "Daraja la kwanza, halafu unakuja kubeba maboksi ya viatu. Mama Mizani, huyu katuweza."

Mama Mizani naye akacheka. Angefanyaje? Kisha akamtazama mwanawe. Binti alikuwa ameketi wima, mikono juu ya magoti, akisubiri wamalize, na hakugeuza macho kwa mama yake hata mara moja. Ahadi ni ahadi. Mama akaacha kucheka. Alijionea aibu, aibu hasa, kubwa kuliko ile aliyokuwa akiikimbia.

"Anayo kweli," akasema. "Gauni la mahafali nilimshonea mimi."

"Wewe unamjulia wapi?"

"Ni mwanangu."

Mzee Selotepu akatafuna taratibu, akameza. "Si ulisema unaye mmoja?"

"Ndiye huyu."

Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja akakohoa, na hakikuwa kikohozi cha kweli. Mzee Selotepu akafunika chakula chake, akamgeukia binti kwa heshima kama mteja aliyeingia ofisini kwake.

"Mwanangu, kila Ijumaa nakutumia salamu kule benki. Huwa zinafika?"

"Zinafika, mzee," binti akasema. "Mama huniletea nyumbani."