Glasi ya Kwanza ni ya Mpishi

Nakumbuka siku moja ambayo wengi wa nyumba yetu wangependa niisahau. Ni siku ile wageni kutoka Itumbe walipokuja kwetu, karibu na Keumbu, kuniposa, na shangazi yangu Bosibori akamwaga glasi ya jin ya limau chini mbele yao wote. Mwanangu Denis, wewe ulikuwa hujazaliwa, na kaka yangu Ombati, baba yako, hakukusimulia. Najua hakukusimulia, kwa sababu kama angekusimulia usingekuja kwangu Jumapili iliyopita na ile chupa.

Basi nitakusimulia mimi. Nimefika umri ambao sina haja ya kupendwa tena.

Shangazi Bosibori alikuwa dada mkubwa wa baba yangu, mjane, akiishi Mosocho nyuma ya soko. Alikuwa mpika chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji, na sitalipaka rangi jina hilo. Ila ya kwake watu waliiita ya limau, na waliowahi kufanya kazi kwenye mahoteli ya Nairobi walisema ni jin kamili, imekosa chupa tu. Chema chajiuza. Hakuwahi kumwita mteja. Nilipokuwa msichana nilitumwa kwake na ndizi, na badala ya kurudi mapema nilikaa jikoni nikimtazama.

Alichachusha unga wa mahindi uliokaangwa pamoja na sukari guru, akaungoja utulie wenyewe bila kuukimbiza. Wakati unachacha, alimenya malimau kwa kisu chembamba, akitoa ile ngozi ya njano peke yake. Ukikata ndani ukagusa ule weupe, alikuchapa kofi mkononi. Ule weupe ndio uchungu, alisema, na uchungu wake hauondoki kwa sukari. Maganda aliyafunga kwenye kitambaa safi, akayaning'iniza ndani ya mtungi juu ya pombe, ili mvuke upite katikati yake kabla ya kupoa na kudondoka. Kikombe cha kwanza kilichodondoka alikimwaga mbali na kuku, maana kilinuka kama ile dawa ya kufutia rangi ya kucha. Cha mwisho nacho alikitenga, kilinuka soksi zilizolowa. Cha katikati ndicho alichouza.

Ladha yake naijua, ingawa mimi ni Msabato na nitakufa Msabato. Siku moja alinichovyea kidole nikalamba. Harufu ya limau ilifika puani kabla ya kitu kingine chochote, kisha ukaja moto, kisha ulimi ukabaki mkavu na msafi. Sikurudia, lakini sijasahau.

Na kila alipopika, kabla ya mteja wa kwanza, alijaza glasi moja akaketi mlangoni akainywa yote watu wakimwona. Huo haukuwa ulevi. Kwetu Wagusii tangu zamani mwenyeji ndiye huonja kwanza, ndipo mgeni apokee. Watu wa huku tunaogopana, tusidanganyane, na ile glasi ya kwanza ndiyo iliyotuwezesha kuketi pamoja.

Baba yako alijifunza kwake. Alikuwa na mikono mizuri, shangazi mwenyewe alikiri. Halafu akapendana na mama yako, akabatizwa mtoni, akaacha kunywa kabisa. Nilimsifu kwa hilo na bado namsifu. Ila hakuacha kuuza. Alisema kanisa limekataza kunywa, na yeye hanywi.

Usishangae, mwanangu. Ombati alilelewa na baba aliyekuwa mzee wa kanisa, aliyelima chai maisha yake yote na hakuonja hata kikombe kimoja, kwa sababu chai nayo ilikuwa imekatazwa. Majani yetu yalikwenda kiwandani, yakanywewa na watu tusiowajua. Nyumbani kwetu, kuwaandalia wengine kitu ambacho wewe hukitii mdomoni kulikuwa jambo la kawaida kabisa. Chai haikumuua mtu, kwa hiyo hatukujifunza chochote.

Alipoacha kuonja, kupika nako kukamchosha. Kwa nini ungoje uchachu utulie, kwa kitu ambacho hutakinywa? Akaanza kununua spiriti ya mapipa kwa mtu mmoja mjini Kisii, anaiongezea maji, anatumbukiza maganda ya limau na weupe wake, kisha sukari nyingi ya kufunika uchungu. Sitamwonea. Ilinukia vizuri, pengine kuliko ya shangazi.

Siku hiyo ya kuposwa kwangu, mbele ya nyumba kulikuwa na sala, soda na kuku. Nyuma ya jikoni, kwenye migomba, kulikuwa na Ombati na vijana wa upande wa pili. Mimi nilikuwa nikisonga ugali wa wimbi, dirisha likiwa wazi, nikamwona akimimina glasi ya kwanza akampa Nyamweya, yule aliyekuja kunioa. Nyamweya alikuwa mpima majani kwenye kituo cha kununulia chai. Wakulima walimlalamikia kwa macho yake, kwani aliweza kuliona jani gumu moja lililofichwa katikati ya kapu zima. Mimi niliyapenda macho hayo.

Shangazi alikuja bila kualikwa, akasimama kati yao.

"Ombati, onja kwanza."

"Shangazi, si unajua mimi nilibatizwa. Sionjangi siku hizi."

"Ulitubu kunywa. Kupika hukutubu?"

Vijana wakacheka, na Ombati akacheka nao. Hapo ndipo shangazi alipoichukua glasi mkononi mwa Nyamweya, akaimwaga kwenye shina la mgomba, akamrudishia Ombati ikiwa tupu.

"Kitu mdomo wako unakiogopa," akasema, "usimpe mtoto wa watu."

Baba yangu akaja, akamshika mkono dada yake akamtoa hadi langoni kama mtu anayefukuza mbuzi shambani. Akamwambia asirudi kuja kutuaibisha mbele ya wakwe. Na mimi nilikuwa upande wa baba. Nilidhani mama yule mzee amekuja kuniharibia ndoa kwa wivu wa biashara, na sikumfuata hata kumpa maji ya kunywa.

Alipoondoka, Ombati akajaza glasi nyingine. Nyamweya alikunywa mbili. Hakuwa na kiu. Ilikuwa adabu tu, maana hakuna kijana anayekataa mkono wa shemeji siku ya kuposa.

Kesho yake asubuhi, kwao Itumbe, aliamka akauliza kwa nini nyumba imejaa moshi. Hakukuwa na moshi. Hospitalini walisema alichokunywa kilikuwa na methanoli, ambayo kwa rangi na harufu hufanana na spiriti ya kunywa kama ndugu wawili wa tumbo moja. Binamu yake aliyekunywa zaidi alizikwa wiki hiyo hiyo. Nyamweya alipona kila kitu isipokuwa macho.

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Mwanangu, nimeingoja methali hiyo maisha yangu yote. Ombati hakuingia. Alisema pipa lilimdanganya, akaacha biashara, akawa shemasi, akanenepa, akazeeka. Hakuwahi kuja kuketi na Nyamweya wakazungumza jambo lile. Alipokufa aliimbiwa na kwaya mbili. Shangazi Bosibori alipokufa, kanisa lilikataa kumwombea mpika pombe, tukamzika watu wachache bila wimbo, mvua ikinyesha. Hilo linaniuma mpaka leo, na sina maneno matamu ya kulifunika.

Niliolewa na Nyamweya hata hivyo. Usiniite mwema, nilimpenda, tena nilikuwa mkaidi. Nimechuma chai peke yangu, nimemweleza sura za watoto wetu, nani ana pua yake, nani ana paji la mama yake. Akinisikiliza hucheka. Mimi siku nyingine nikimaliza kumweleza huenda jikoni nikalia, kisha natoka.

Sasa wewe. Jumapili umekuja na chupa nzuri yenye picha ya limau. Ukatuambia una leseni, una chumba Keumbu nyuma ya duka la mabati, unanunua spiriti kwa kampuni yenye karatasi zake zote. Unailoweka pamoja na mbegu kavu za junipa kutoka ng'ambo, zile zinazoipa jin harufu ya msonobari, na mbegu za dania, na malimau ya hapa kwetu, kisha unaipika tena upate mvuke wake. Nilikusikiliza kwa furaha, nakuambia kweli. Uliposema unamenya ile ngozi ya njano peke yake, nilimkumbuka shangazi na moyo ukanilegea. Ukasema ladha huanza na limau, halafu unakuja msonobari, halafu inaacha ukali mdogo kooni. Ulieleza kama mtu aliyeinywa.

Nyamweya alikuwa ameketi pale pake, akimenya ndizi kwa kupapasa. Akauliza, "Na ni nani huonja?"

"Niliandika mtu mmoja wa hapo sokoni, mzee. Yeye ndiye huniambia iko aje. Mimi nashika Sabato."

Mwenye macho haambiwi tazama. Lakini wewe ulimtazama mtu aliyepofushwa na glasi ya baba yako, ukamwambia maneno ya baba yako. Hukujua. Leo unajua.

Alikuomba umimine, ukamimina. Akaipapasa glasi, akainusa kwa muda mrefu, akasema ni limau zuri. Kisha akaisukuma mezani taratibu mpaka ikagusa mkono wako. "Anza wewe," akasema. Ukatazama simu yako, ukasema una mkutano Kisii mjini.

Nasaha yangu ni hii, mwanangu. Sikuombi uvunje imani yako, hiyo hata mimi ninayo. Kama dini yako inakukataza kuonja, basi iache ikukataze na kupika, uuze ndizi, uuze mabati, kuna kazi nyingi zisizo na aibu. Kama utapika, glasi ya kwanza ya kila pipa ni yako, mbele ya watu, usimtume mwingine. Na usidhani nasema ulimi unajua kila sumu. Haujui. Methanoli huupita hata ulimi wa mlevi wa siku nyingi. Ninachosema ni kwamba mtu anayejua kuwa glasi ya kwanza ni yake hanunui pipa asilolijua, hachoki kungoja, hamwagi sukari juu ya uchungu ili ufichike. Yule uliyemwandika anaonja kwa sababu ana njaa. Siku pipa likikudanganya, atapofuka yeye mahali pako, na hiyo ndiyo kazi uliyompa, hata kama umeipa jina lingine.

Majuto ni mjukuu, nawe mjukuu huyo umemrithi bila kuulizwa. Nasikitika kwa hilo. Ulipaswa kumsikia kutoka kwa baba yako.

Mungu akubariki, Denis. Akupe afya, akupe watoto, na akujalie uwaone kwa macho yako wakiota mvi. Biashara yako sijaiombea bado. Glasi uliyomimina Jumapili iko pale pale mezani, nimeifunika kwa sahani nzi wasiingie. Kila asubuhi Nyamweya huipapasa, huifunua, huchovya ncha ya kidole kuona kama imepungua, kisha huifunika tena. Njoo uinywe, au njoo uimwage kwa mkono wako, lakini uje wakati yeye bado yupo.